Somo la Kikundi: Tutembee Wapi, na Turudi na Nini?



Mwaka ukielekea kuisha, swali moja huletwa kwenye mikutano ya vikundi vingi: "Mwaka huu tutembee wapi?" Kijana anasema bahari. Mama mmoja anasema anataka kuona simba kabla hajafa. Mwingine anasema twende tu Nairobi. Halafu kuna mzee amekaa nyuma, hajasema kitu tangu mkutano uanze, anauliza: "Na hii pesa si tungenunua mbuzi?" Hapo mkutano unagawanyika.

Swali la mzee ni la haki. Pesa ya kikundi ni jasho. Wanachama 30 wakiweka shilingi 50 kila wiki kwa wiki 40, hiyo ni shilingi 60,000. Pesa kama hiyo hununua mbuzi, mizinga au tangi la maji. Ikiingia kwenye basi lazima irudi na kitu.

Lakini pia wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtu aliyeona kwa macho yake vile wenzake wanafanya haambiwi mara mbili. Kwa hivyo hatusemi kikundi kisitembee. Tunasema kichague. Katika somo hili tutaona maswali manne ya kuuliza, tuyajaribu kwa mahali pamoja, kisha tuone hatua za kufuata.

MASWALI MANNE

1. Asili: Kuna msitu, mto, mlima, bahari au wanyama gani? Na unaweza kuwaona kwa miguu yako, ama ni mpaka ukodishe gari la bei?

2. Historia: Ni mambo gani yalitokea hapo, na kuna kitu kimebaki cha kushika na kuona?

3. Utamaduni: Watu wa hapo wanaishi vipi, wanakula nini, wanaheshimu nini? Tutakutana nao ama tutaona ukuta wa hoteli tu?

4. Pesa: Kile tutakacholipa kitabaki na nani?

Mahali penye jina kubwa panaweza kukosa majibu ya swali la tatu na la nne. Na mahali ambapo hatukuwa tunapafikiria panaweza kujibu yote manne. Tuchukue mfano.

MFANO: GEDE NA VIJIJI VYAKE

Gede iko kaunti ya Kilifi, kando ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, karibu na njia panda ya Watamu. Ukishuka hapo, mengi ya kuona yako ndani ya kilomita chache.

Tuanze na historia. Ndani ya miti mikubwa kuna magofu ya mji wa Waswahili uliokuwa na watu kwa miaka mamia, mpaka ukahamwa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe, vyoo na visima. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399. Waliochimba hapo, wakiongozwa na James Kirkman kuanzia 1948, walipata vyombo vya kaure kutoka Uchina, shanga za Venice na hata mkasi wa Uhispania. Yaani watu wa hapa walikuwa wakifanya biashara na dunia nzima kabla meli ya Mreno haijaonekana. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa nini watu walihama? Wataalamu wanataja vita, uvamizi na maji. Hapa kikundi kisimame kidogo kwenye kisima kilicho karibu na msikiti mkuu. Kisima hicho kilichimbwa chini zaidi baadaye, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mji tajiri, wenye kaure ya Uchina mezani, ulihangaika na kisima. Kikundi chenye mradi wa maji hakihitaji mwalimu mwingine.

Sasa asili. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, karibu kilomita mraba 420. Ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna sange mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu upande wa nyuma, mnyama mdogo ambaye huwezi kumpata sehemu nyingi duniani, na bundi mdogo ambaye watu huvuka bahari kuja kumtafuta. Upande wa pili ni hori la Mida na mikoko yake, ambako kuna daraja jembamba la kuning'inia linalopita juu ya matope hadi kibanda cha kuangalia ndege.

Utamaduni nao haujafungiwa kwenye kabati la kioo. Hapa ni nchi ya Wagiriama. Waombeni wenyeji wawaeleze habari za Mekatilili wa Menza, mama aliyesimamisha watu wake dhidi ya serikali ya kikoloni mwaka 1913. Alitumia ngoma ya kifudu, ambayo ni ya wanawake na ya matanga, kuwaita watu na kuwalisha kiapo. Wazungu walimshika wakampeleka mbali mpaka Kisii, naye akatoroka akarudi nyumbani kwa miguu. Vikundi vya akina mama, hiyo hadithi isiwapite. Isikieni kwa wajukuu wake.

Tumebakisha swali la nne, ambalo watu wengi hulisahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi wa kando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Haikuwa ubaya. Mtu mwenye njaa, ambaye nyani wamemaliza mahindi yake, utamwambia nini juu ya uzuri wa miti? Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo hapo hapo Gede. Wakulima walifundishwa kushika vipepeo wachache wa kike, kuwaweka kwenye vizimba vya neti pamoja na mmea ambao watoto wao hula, kungoja mayai, kulisha viwavi majani, halafu kuuza pupa, yaani kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Pupa walisafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, kwenye majumba ya maonyesho. Kwa kuwa mimea ile na vipepeo wale wanatoka msituni, msitu ukifa biashara nayo imekufa. Asali pia iliongezwa. Mkifika, waulizeni wakulima wenyewe hali ya soko ikoje sasa, kwa maana soko la ng'ambo hupanda na kushuka, na hilo pia ni funzo.

Pale Mida, kiingilio cha lile daraja kiliwekwa kusaidia karo ya watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Mpango huo ulianzishwa 2001 na shirika la A Rocha Kenya. Na huko Dabaso kuna kikundi cha wanakijiji kama ninyi, waliopanda mikoko, wakafuga kaa, wakajenga mkahawa wa mbao juu ya maji. Mkila hapo, mnakula kwa wenzenu. Mkimaliza kula, mwenyekiti wenu na mwenyekiti wao wakae chini waulizane: mlianzaje, mligombana wapi, mliweka vipi vitabu?

Hapo ndipo mzee wa mbuzi anapata jibu lake.

KAMA PWANI NI MBALI

Maswali ni yale yale. Vikundi vya Nyanza vina Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji na bado zimesimama. Ziliingia urithi wa dunia 2018. Magharibi kuna msitu wa Kakamega. Nakuru kuna Hyrax Hill, penye mabaki ya makao ya watu wa kale, na ziwa lenye ndege liko karibu. Machakos kuna Wamunyu, chimbuko la uchongaji wa Wakamba. Na mkiwa pwani tayari, msidharau ya nyumbani. Nendeni Rabai, mahali ambapo Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846, ambapo kaya takatifu ya Warabai iko kando ya kanisa. Au nendeni Gazi, kule Kwale, akina mama wakawatembeze juu ya mikoko kwenye daraja lao. Hapo tangu 2013 kijiji kinapata pesa kwa kulinda mikoko, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa hiyo imesaidia maji na shule.

HATUA ZA KUCHAGUA

Hatua ya kwanza: kura ya maharagwe. Chora jedwali chini kwa kijiti. Upande wa kushoto weka alama ya kila mahali palipopendekezwa. Juu weka alama nne: jani kwa asili, jiwe kwa historia, sufuria kwa utamaduni, sarafu kwa pesa. Kila penye njia panda jadilianeni, kisha mweke maharagwe, moja mpaka matano. Mwisho hesabuni. Njia hii haitaki kusoma wala kuandika, na mwenye sauti kubwa hashindi kwa sauti.

Hatua ya pili: ulizeni kabla. Pigeni simu kwa wenyeji, si kwa dalali wa basi. Ulizeni kiingilio cha raia ni ngapi, maana mara nyingi ni kidogo kuliko cha wageni, na kila mtu abebe kitambulisho. Ulizeni pia namna ya kulipa. Sehemu nyingi za serikali siku hizi hazipokei pesa taslimu, na si vizuri watu 30 kusimama langoni huku katibu anatafuta mtandao.

Hatua ya tatu: hesabu wazi. Andikeni usafiri, malazi, chakula, viingilio, mwongozaji, na akiba ya mgonjwa au gari kuharibika. Mchango wa safari ukae kando kabisa na hisa na mfuko wa mikopo. Asiyeweza kuchanga asiaibishwe, na viongozi walipe kama wengine. Mkirudi, mweka hazina asome hesabu mkutano wa kwanza, na risiti ziwe mezani. Kuna vikundi vilivyovumilia ukame na vikaja kuvunjwa na risiti za basi.

Hatua ya nne: angalieni majira. Pwani mvua nyingi hunyesha kati ya Aprili na Juni, na barabara za msituni huharibika. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hukaa Mida kuanzia karibu Septemba mpaka Aprili, kwa hiyo anayetaka kuwaona asiende Julai. Ulizeni pia saa za maji kujaa na kupwa. Desemba watu ni wengi na bei hupanda.

Hatua ya tano: heshima. Kwenye kaya kuna masharti ya mavazi na ya kutochukua kitu, hata jani. Msikitini na kanisani ni vivyo hivyo. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Sisi wenyewe hatupendi mgeni aingie jikoni bila hodi.

Hatua ya sita: gawaneni kazi. Kabla ya kuondoka, wanachama wanne watunze yale maswali manne, kila mmoja na lake. Wakirudi watoe ripoti, na kikundi kichague jambo moja la kujaribu nyumbani ndani ya miezi mitatu. Moja tu. Ikiwa ni mizinga kando ya mto, iwe mizinga. Ikiwa ni kuandika hadithi za wazee wetu kabla hawajatuacha, iwe hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Safari ya mwisho ya kikundi chetu ilitugharimu ngapi, na ilituletea nini?

2. Katika eneo letu kuna msitu, jiwe, mti au hadithi gani ambayo mgeni angependa kuiona au kuisikia?

3. Kikundi kingine kikitutembelea sisi, tungewaonyesha nini, na tungewapikia nini?

4. Ni kitu gani kijijini kwetu tunataka kukikata au kukiuza, ambacho kingetulisha kikiachwa kimesimama?

Swali la pili na la tatu msiyaharakishe. Vikundi vingi vikianza kuyajibu hugundua kwamba vinakaa mahali ambapo wengine wangelipa nauli kuja kuona. Watu wa kando ya Arabuko-Sokoke nao waliona miti tu.