SOMO LETU: Diski Mbili Katika Kompyuta Moja Kuukuu



Yapo matawi ambayo daftari lao la ada limo katika kompyuta kuukuu ya Windows XP, ndani ya programu isiyokubali kufanya kazi katika mfumo mwingine. Lakini Microsoft iliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014. Kuiunganisha na intaneti ni kuwafungulia wezi mlango. Je, tuitupe mashine? Mwanachama aliyefukuzwa kazi akija kudai haki yake, tutathibitisha kwa nini kwamba alilipa ada?

Dawa ipo: ongezeni diski ya pili yenye Linux, ambayo hupatikana bure.

Eleweni kwanza jambo hili. Kompyuta ya zamani ikiwashwa, programu ndogo iitwayo baiosi husoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu. Humo ndimo mna amri ya kuamsha mfumo. Mfumo mpya ukiandika juu yake, ule wa zamani huenda usiamke tena. Ndiyo sababu kila mfumo upewe diski yake.

Fuateni hatua hizi:

1. Nakilini daftari lote mahali pengine.

2. Zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, kisha waya wa diski ya zamani. Diski isiyounganishwa haiwezi kuharibiwa.

3. Fungeni diski mpya, mwingize Linux kutoka kwenye flashi.

4. Zimeni tena, mrudishe diski ya zamani.

5. Mkiwasha, bonyezeni kitufe cha kuchagua diski. Kwa Dell ni F12. Kwa HP nyingi ni F9.

Tahadhari tatu. Windows ikiiona diski ya Linux na kuuliza kama iitengeneze upya, kataeni. Pili, Linux huhesabu saa ya mashine kwa saa ya dunia, na Kampala iko mbele kwa saa 3. Iamuruni itumie saa ya hapa, la sivyo stakabadhi zitatoka na saa za uongo. Tatu, betri ndogo ya ubaoni ikifa, mashine husahau diski ya kuanzia. Ibadilisheni.

Kazi ya intaneti ifanyike kwa Linux. XP ibaki kwa daftari tu, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa.

Katibu wa tawi asijifunze peke yake. Amfundishe na mwekahazina. Ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye.

Umoja ni nguvu.