Bibi, Wajukuu na Njia ya Shule

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 33:12–14, Kut. 16:4, 5, 13–26, Kut. 17:8–13; Kum. 6:1–9, Ruthu 4:13–17, Mdo. 16:1–3, 2 Tim. 1:5, 3:14, 15.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 1:5. Lisome kwa sauti kila asubuhi juma hili, watoto wakisikia.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, anayewaamsha watoto waende shule si baba wala mama. Baba yuko machimboni au safarini, mama amekwenda mjini kutafuta riziki, na wengine wamelala mautini wakiungoja ufufuo. Aliyebaki na watoto ni bibi au babu. Ndiye anayewasha moto kungali giza, anayekoroga uji, anayetafuta soksi ya pili, anayemfunga mdogo vifungo vya shati na kuwasindikiza mpaka barabarani kabla ya kengele kulia.

Kazi hiyo haina cheo kanisani. Hakuna anayesimamishwa mbele ya washiriki kwa sababu alimwogesha mtoto siku ya Jumanne. Babu au bibi mwenyewe anaweza kudhani kwamba utumishi wake kwa Mungu ulikwisha alipoacha ushemasi au kwaya, na kwamba sasa analea tu. Lakini Biblia inaonyesha kwamba imani hupita kutoka kizazi hadi kizazi katika saa kama hizo. Namna mtoto anavyotoka nyumbani asubuhi ni sehemu ya yale atakayoamini kuhusu Mungu.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Nyumba ya Loisi

*Soma Matendo 16:1–3 na 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15. Ni nani waliomfundisha Timotheo? Ni nani ambaye hatajwi kuwa na sehemu katika kazi hiyo?*

Timotheo alijulikana katika Listra, mji ambako Paulo alipigwa mawe hata wakadhani amekufa (Mdo. 14:19). Hapakuwa mahali rahisi pa kumlea mtoto katika imani. Mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, baba yake Myunani, na Timotheo alifikia ujana bila kutahiriwa. Huenda si kila jambo la imani lilikubaliwa katika nyumba ile. Hata hivyo, Paulo anapotaja chanzo cha imani ya kijana huyu, anawataja wanawake wawili, na anaanza na bibi.

Neno la Kigiriki analolitumia kwa bibi halipatikani mahali pengine katika Agano Jipya. Hatuelezwi Loisi alifundisha kwa njia gani. Tunaambiwa matokeo yake: imani isiyo na unafiki. Mtoto huishi na mtu mzima katika saa ambazo wageni hawapo. Ni vigumu kuuficha unafiki alfajiri, maji yakiwa yamekwisha na uji umemwagika.

Paulo anasema pia kwamba Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Neno analolitumia ni lile ambalo Luka analitumia kwa mtoto mchanga aliyelazwa horini (Luka 2:12, 16). Malezi hayo hayakungoja Timotheo ajue kusoma.

Bibi ambaye hakupata nafasi ya kusoma shule anaweza kumpa mjukuu Maandiko kwa njia zipi? Taja angalau mbili.

JUMATATU
Nyakati Nne

*Soma Kumbukumbu la Torati 6:1–9. Fungu la 2 linataja vizazi vingapi? Fungu la 7 linataja nyakati zipi za kuwafundisha watoto?*

Musa hakuishia kwa mwana; alimtaja na mjukuu. Kisha akataja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hakuna hata moja inayohitaji mimbara. Mbili kati ya hizo, kuamka na kutembea njiani, ndizo asubuhi ya mtoto wa shule.

Ibada ya alfajiri haihitaji kuwa ndefu. Wimbo mmoja unaweza kuimbwa wakati viatu vinafungwa, na fungu moja likarudiwa mpaka wote walijue. Ombi linaweza kumtaja kila mtoto na siku yake: jaribio la hesabu, rafiki waliyegombana, mwalimu anayeumwa. Mtoto anayesikia jina lake katika ombi la babu anajua kwamba Mungu anafahamu habari za darasani.

Kisha ipo njia yenyewe. Babu anayetembea na mjukuu dakika 20 kila asubuhi, kwa siku tano, amekuwa naye dakika 100 kwa juma. Huenda muda huo ni mrefu kuliko ule ambao mtoto hukaa katika darasa la Shule ya Sabato. Muda wote huo hauhitaji kujazwa mahubiri. Mara nyingi unahitaji sikio. Mtoto husema njiani mambo ambayo hayasemi akiwa ametazamwa usoni: kwamba anaogopa kupita mtoni peke yake, kwamba wakubwa humnyang'anya nauli, kwamba kuna mtu mzima anayemwita asikotaka kwenda. Mzee anayesikiliza bila kukemea, kisha akachukua hatua, anaweza kumwokoa mtoto na madhara ya maisha yote.

JUMANNE
Asubuhi Huanza Jana

*Soma Kutoka 16:4, 5, 13–26. Mana ilikusanywa lini? Siku ya sita ilitofautianaje na siku nyingine?*

Mana ilitolewa asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Mungu aliwafundisha Israeli kwamba zawadi ya asubuhi ina saa yake. Siku ya sita aliwafundisha jambo la pili: raha hutanguliwa na maandalizi.

Waadventista wanaijua Siku ya Maandalio. Nyumba inayofua, kupika na kupiga pasi siku ya Ijumaa ili jua likizama ipumzike, imekwisha kupata ujuzi ambao asubuhi ya Jumatatu inauhitaji. Sare zikiwa zimefuliwa mapema, viatu vikawekwa mlangoni, madaftari yakawa mkobani, maji yakawa ndooni na nauli ikahesabiwa jioni, alfajiri itakuwa na utulivu. Watoto nao wana sehemu yao. Mwenye miaka mitano anaweza kupanga viatu. Mwenye miaka tisa anaweza kukagua mkoba wa mdogo wake.

Lakini si kila upungufu ni uzembe. Katika kugawa mana, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa (Kut. 16:18). Mjukuu mwenye shati moja la shule, ambalo halikukauka kwa sababu ya mvua, hahitaji hotuba juu ya maandalizi. Anahitaji shati la pili.

Ni jambo gani moja ambalo nyumba yako inaweza kuliandaa jioni ili kupunguza kelele za asubuhi?

JUMATANO
Kwa Mwendo wa Watoto

*Soma Mwanzo 33:12–14. Kwa nini Yakobo alikataa kwenda kwa mwendo wa Esau?*

Esau alitaka waondoke pamoja. Yakobo akaeleza kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha; ikiharakishwa sana hata siku moja, itakufa. Basi yeye angefuata polepole, kwa kadiri ambavyo wadogo wangeweza. Aliyesema hayo alikuwa anachechemea baada ya usiku wa Penieli (Mwa. 32:31). Mguu wake mwenyewe ulikuwa umemfundisha mwendo wa walio dhaifu.

Hapo ndipo udhaifu wa uzee unapogeuka kuwa karama. Bibi mwenye magoti mabovu na mtoto wa darasa la awali wanaweza kutembea pamoja bila mmoja kumburuta mwenzake. Ni kweli kwamba kengele ya shule haimngoji mtu. Ndiyo maana mwendo wa watoto unataka kuanza mapema, kwa sababu mtoto hawezi kuongezewa miguu saa ya kuondoka.

Hofu ya kuchelewa ndiyo huzaa maneno makali. Mtoto akichelewa ataadhibiwa, na bibi anajua. Basi anapaza sauti, na katika haraka hiyo linatoka neno ambalo hakulikusudia: mvivu, mzito, umerithi uzembe wa baba yako. Dakika tatu baadaye bibi amesahau. Mtoto analibeba mpaka darasani, na pengine mpaka utu uzima. *Linganisha Mithali 15:1 na Wakolosai 3:21.*

Neno likishatoka, bado kuna njia. Mzee anayemwita mjukuu jioni na kumwomba msamaha hapotezi heshima yake. Anamwonyesha mtoto jinsi toba inavyofanana, na somo hilo mtoto hawezi kulipata vizuri kutoka kwa mtu asiyekosea kamwe.

ALHAMISI
Mikono Iliyochoka

*Soma Ruthu 4:13–17 na Kutoka 17:8–13. Ni nani waliosimama pamoja na Naomi? Ni nani waliosimama pamoja na Musa?*

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, bibi na babu wengi waliowazika watoto wao walianza kulea upya wakati ambapo wao wenyewe walihitaji kutunzwa. Naomi angewaelewa. Alizika mume na wana wawili, akasema aitwe Mara kwa uchungu wake (Ruthu 1:20). Mwisho wa kitabu tunamwona amempakata Obedi kifuani, akiwa mlezi wake.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa. Kwanza, Naomi alilea, lakini Ruthu alibaki mama. Mzazi akiwa hai, bibi mwenye hekima hamsemi vibaya mbele ya wanawe. Humpigia simu jioni ili watoto wamweleze habari za shule, na mambo makubwa huamuliwa pamoja. Mzazi naye asitume watoto kijijini kisha akasahau kutuma matumizi (1 Tim. 5:4, 8).

Pili, majirani walikuwapo. Hata jina la mtoto walilitoa wao. Mikono ya Musa ilichoka ingawa imani yake ilikuwa hai, na Mungu hakumkemea kwa kuchoka. Alimpa Haruni, Huri na jiwe la kukalia. Bibi wa kanisa lako anaweza kuhitaji kijana wa Watafuta Njia anayepita barabara ile ile na kumshika mdogo mkono, sare kutoka kwa Dorkasi, mwalimu mshiriki wa kukagua madaftari, au mtu wa kuchota maji Jumapili jioni. Kumwambia tu kwamba tunamwombea, huku maji yako umbali wa kilomita mbili, kunakumbusha onyo la Yakobo 2:15, 16.

IJUMAA
Mafunzo Zaidi

Mwaka 1852, James White aliandika masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato kwa ajili ya vijana na watoto. Aliyaandika akiwa safarini kutoka Rochester, New York, kwenda Bangor, Maine, walipopumzika kando ya barabara. Kwa hiyo masomo haya yenyewe yalizaliwa njiani. Katika kitabu *Elimu*, kilichotoka mwaka 1903, Ellen G. White anamtaja mama kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto. Nafasi hiyo ikiachwa wazi na mauti, umaskini au umbali, anayeishika ameshika kazi takatifu, hata kama anaifanya akiwa na mwiko mkononi.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni wazee wangapi wanaolea wajukuu? Mnawajua kwa majina? Pangeni msaada mmoja utakaoanza Jumatatu.

2. Mjukuu wa darasa la saba anaambiwa ahudhurie masomo ya ziada siku ya Sabato. Bibi anaogopa kumkosea mwalimu mkuu. Kanisa linaweza kusimamaje pamoja naye kwa heshima na hekima?

3. Mama anataka mtoto asichapwe. Babu anaamini kiboko ndicho kilichomlea yeye. Kanuni zipi za juma hili zinaweza kuwasaidia kuzungumza bila kumgawanya mtoto?

4. Wajukuu wako watakapokuwa watu wazima, watakumbuka sauti ya namna gani kutoka asubuhi zao? Ni badiliko gani unamwomba Mungu akusaidie kulifanya kesho?