Kunde ipi itazaa zaidi Merikit?

SWALI: Nalima Merikit, Tororo. Nina SECOW 2W, mbegu yetu ya Ebelat, na K80 niliyonunua Busia upande wa Kenya. Nitajuaje ipi inazaa kuliko nyingine?
Mkulima, Merikit

JIBU: Zipande zote siku moja, shamba moja. Ukipanda moja Machi na nyingine Agosti, utakuwa umelinganisha mvua, si mbegu. Kila aina ipe vitalu vitatu vya mita 4 kwa 5, uvichanganye ili kipande chenye rutuba kisipendelee mbegu moja. Acha sentimita 60 kati ya mistari, 20 kati ya mashina.

Sasa suala la majani, ambalo ndilo huharibu majaribio mengi. K80, iliyotoka Katumani, Machakos, hulimwa kwa mboga na kwa punje. Ukiichuma kila wiki huku SECOW ya Serere ukiiacha, matokeo hayana maana, kwani kuchuma sana hupunguza punje. Najua jikoni watalalamika. Watengee mstari wa pembeni.

Wala usidanganywe na shina linalotambaa na kujaa majani: kwenye udongo wenye nitrojeni nyingi kunde hunenepa bila maganda. Vidukari na funza wa maganda wakija, pulizia vitalu vyote au usipulizie hata kimoja.

Kausha punje vizuri, pima, kisha zidisha kilo za kitalu kwa 200: hayo ni makadirio ya ekari. Rudia msimu wa pili kabla ya kuitupa Ebelat.