Leza, Chunjua na Kinga Iliyoshuka: Maswali ya Busia na Malaba

Vipele hivi ni nini?
Mara nyingi ni chunjua, zinazoletwa na virusi vya papiloma, au molaskamu, vipele vyenye kishimo katikati. Kinga ikiwa imara huwa vichache na huisha vyenyewe. Kwa anayeishi na HIV bila dawa, molaskamu huweza kutapakaa usoni, na chunjua zikajaa sehemu za siri.

Leza itaniponya?
Itaondoa kinachoonekana. Leza ya kaboni dioksidi huchemsha maji yaliyomo ndani ya seli za ngozi mpaka kipele kigeuke mvuke, lakini virusi hubaki kwenye ngozi ya kando. Kinga ikiwa bado chini, chunjua hurudi na pesa zimekwenda. Ndiyo sababu nasisitiza ARV, yaani dawa za kudhibiti HIV, kwanza. Hospitali za umma huzitoa bure, na dereva wa masafa marefu ambaye hali yake ni imara anaweza kuomba za miezi mitatu. Kinga ikipanda, molaskamu mara nyingi hupotea bila kuguswa. Wiki za mwanzo za kutumia ARV, vipele huweza kuchachamaa. Tafadhali, usiache dawa.

Kwa nini nipimwe kabla ya kuchomwa?
Hapa ndipo penye hatari. Kuvu wa kriptokokasi akienea mwilini huweza kutoa vipele vinavyofanana sana na molaskamu, naye hushambulia ubongo na kuua. Ukiwa na vipele, homa na kichwa kisichoacha kuuma, nenda hospitali leo. Kuna pia mpox, ugonjwa mwingine wa virusi unaoleta vipele: mgonjwa wa pili kuthibitishwa Kenya, Agosti 2024, alikuwa dereva wa lori aliyebainika mpakani Malaba. HIV isiyotibiwa huufanya ugonjwa huo kuwa mkali zaidi.

Leza ina madhara?
Ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka au makovu yaliyovimba. Mweleze daktari kama vidonda vyako huacha makovu ya namna hiyo. Moshi wake hubeba chembechembe za virusi, hivyo chumba kiwe na mashine ya kuunyonya na wahudumu wavae barakoa zinazofaa.

Kuna njia nyingine?
Kugandisha kwa nitrojeni, au dawa ya kupaka. Podofilini haimfai mjamzito. Wembe na asidi ya betri, hapana kabisa.

Mwanamke mwenye chunjua afanye nini zaidi?
Apimwe mlango wa kizazi. Aina za papiloma zinazoleta saratani kwa kawaida si zile za chunjua, ila mtu huweza kuwa nazo zote. Kwa anayeishi na HIV, Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza vipimo akiwa na miaka 25.