Kabla Mtoto wa Mbwa Hajaingia Getini

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Mbwa mkubwa anayebweka hahitaji kutangaziwa hatari yake, maana watoto wenyewe humkwepa. Mtoto wa mbwa hakwepwi na mtu. Hubebwa kifuani, hulazwa mapajani, humlamba mdomoni mtoto wa miaka mitatu, na wakubwa wanatazama na kucheka. Kumbe huyo mdogo ndiye anayemwaga mayai mengi ya minyoo kuliko mbwa mzima, ndiye ambaye kwa kawaida hajachanjwa, na ndiye anayetafuna kila kilicho mbele yake, vidole vya watu vikiwemo, kwa sababu meno yanamwota.

Kijitabu hiki ni cha kaya ya kawaida: nyumba yenye ua, kuku wachache, watoto wanaocheza chini, na ahadi ya mtoto wa mbwa kutoka kwa jirani, shangazi au mlinzi wa mtaa wa pili. Kisomwe kabla ya kwenda kumchukua. Akishafika, watoto wamekwishampa jina Simba au Popi, wala hakuna atakayekuwa na subira ya kusoma.

Kikao cha nyumbani

Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeamua kufuga mbwa, kisha kazi yote inamwangukia dada wa kazi na watoto. Hapo ndipo mbwa hukosa maji mchana kutwa na kinyesi hukaa uani wiki nzima. Afadhali kukubaliana mapema nani atamlisha asubuhi, nani ataokota kinyesi kila siku, na fedha za chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe zitatoka wapi. Kama hakuna mtu mzima aliye tayari kuokota kinyesi, ushauri wetu ni kuahirisha.

Kwenye nyumba za kupanga, wapangaji wenzenu nao waulizwe. Wapo wenye pumu wanaobanwa na manyoya ya wanyama. Wapo Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sahani na ndoo ya maji ya mbwa viwe vyake peke yake, na visioshwe kwenye beseni la vyombo vya jikoni. Afya na dini hapa zinasema jambo moja.

Anakotoka

Asitengwe na mama yake kabla ya wiki nane. Anayetolewa mapema hukosa maziwa yenye kinga, na hukosa pia kufundishwa na ndugu zake kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza. Wauzaji wa barabarani, wenye vikapu vya watoto wa mbwa kwenye mataa, mara nyingi huwa nao wadogo kuliko wanavyosema. Huwezi kumwona mama, huwezi kuuliza lolote, na kesho muuzaji hayupo.

Nendeni mpaka nyumbani alikozaliwa. Mtazameni mama: ana nguvu, au mbavu zinahesabika? Ombeni kuona kadi yake ya chanjo. Mtoto mwenyewe awe na macho makavu, pua isiyotoa usaha, na mkia usio na kinyesi kilichoganda. Tumbo lililovimba kwenye mwili mwembamba si shibe, ni minyoo.

Halafu ulizeni swali ambalo watu wengi hawaulizi: je, miezi ya karibuni kuna mbwa aliyekufa ghafla hapa, aliyetoweka, au aliyepita aking'ata wenzake? Kichaa cha mbwa hukaa mwilini wiki au miezi kabla ya kuonekana. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa akiwa na wiki tano anaweza kuja kwenu akicheza vizuri kabisa, ugonjwa ukajitokeza baada ya mwezi. Jibu likiwa ndiyo, msimchukue, na toeni taarifa kwa ofisa mifugo wa kata.

Ua

Kama kwenu kuna mbwa aliyewahi kufa kwa kuharisha damu, huenda ilikuwa parvo. Virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Sakafu ya saruji huoshwa kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya jiki kwa thelathini za maji, ikaachwa dakika kumi. Udongo hauoshwi hivyo. Katika ua wa namna hiyo asiingizwe mtoto wa mbwa mpaka amalize chanjo zake huko huko alikozaliwa, au kwa rafiki mwenye ua salama.

Piteni kila kona mkiwa mmechuchumaa. Sumu ya panya iliyowekwa nyuma ya stoo itolewe. Kusogezwa tu hakutoshi. Dawa za shambani, betri zilizokwisha, mifuko ya plastiki yenye harufu ya nyama, shimo la maji lisilofunikwa, tundu chini ya geti: vyote vishughulikiwe. Na lile lundo la mchanga wa ujenzi lililobaki tangu mlipopiga plasta, ambalo watoto huchezea na paka na mbwa huligeuza choo, lifunikwe kwa turubai au liondolewe. Sababu inafuata.

Minyoo

Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo ya duara. Mabuu hulala kwenye misuli ya mama, naye akibeba mimba mabuu hayo huamka na kupita kwenye kondo la nyuma, na baadaye kwenye maziwa. Mama anaweza kuonekana mzima kabisa. Ndani ya wiki chache watoto wake wanamwaga mayai kwa maelfu katika kinyesi.

Yai lililotoka leo haliwezi kumwambukiza mtu leo. Linahitaji takribani wiki mbili au zaidi kwenye udongo wenye joto na unyevu ili buu likomae ndani yake. Basi kinyesi kinachookotwa kila siku hakina muda wa kuleta madhara. Kinachoachwa husambazwa na mvua na kuku, hakionekani tena, lakini mayai yamebaki hapo na yanaweza kuishi kwa miaka. Mtoto anayecheza chini kisha akala embe bila kunawa huyameza. Ndani ya mwili wake mabuu hutangatanga kwenye ini na mapafu, na mara chache huingia jichoni na kuharibu uoni.

Kuna pia minyoo ya safura ya mbwa. Mabuu yake hayangoji kumezwa, hupenya ngozi ya nyayo au makalio ya mtoto aliyekaa kwenye mchanga wenye unyevu, na kuacha mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha usiku kucha. Mstari huo una dawa. Mpelekeni kituo cha afya badala ya kupaka mafuta ya taa.

Dawa ya minyoo ya mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi afikishe wiki kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Muulizeni mwenye mbwa ameshapewa mara ngapi. Mara nyingi jibu ni kimya, basi aanzishiwe siku ile ile anayofika. Kipimo huenda kwa uzito, hivyo apimwe kwenye mizani ya duka la dawa za mifugo. Msikate vidonge vya watoto wenu kwa kukisia.

Kinyesi kiokotwe kwa koleo au mfuko, kitupwe chooni au kifukiwe mbali na bustani ya mboga. Kisitumike kuwa mbolea ya mchicha.

Kichaa cha mbwa

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wakiwa Asia na Afrika, na takribani asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Sehemu kubwa ya wanaong'atwa ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu huzuilika, na mahali pa kuuzuia ni kwa mbwa.

Kisiwa cha Pemba ni ushahidi wa karibu. Mbwa walichanjwa kwa kampeni, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudishwa kwa nguvu, na mwaka 2018 ukakomeshwa kwa mara ya pili. Mbwa hawakuuawa kwa wingi ili kufika hapo. Walichanjwa.

Mtoto wenu wa mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka, kisha kama kadi itakavyoelekeza. Kampeni ikipita mtaani kabla hajatimiza miezi mitatu, mpelekeni hivyo hivyo. Chanjo hii ni salama kwake, na wataalamu wanashauri watoto wa mbwa wasiachwe nyuma siku za kampeni. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni wakati ambao baadhi ya halmashauri huchanja bure. Ulizeni ofisi ya kata. Chanjo nyingine, ya parvo na magonjwa mengine ya mbwa wadogo, huanza kati ya wiki sita na nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki kumi na sita. Hiyo humlinda mbwa. Ile ya kichaa inamlinda mbwa na ninyi.

Sasa, ameng'ata. Itatokea, kwa sababu ni mdogo na anacheza. Jeraha lolote lililotoa damu, mkwaruzo, au mate yake kwenye kidonda, lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika kumi na tano ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tazameni saa. Msiweke majivu, pilipili, mafuta ya taa wala unga wa kahawa. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na ni mdogo kiasi cha kutosha kwenye kikapu. Mtaalamu ndiye atakayeamua kama chanjo inahitajika. Ikianzwa, sindano zote zikamilishwe kwa tarehe zilizoandikwa. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimepona, ilhali kupona kwa kidonda si dalili ya usalama.

Mbwa mwenyewe asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama na kutazamwa kwa siku kumi chini ya uangalizi wa ofisa mifugo. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata. Akifa au akibadilika, akatoa mate mengi, akashindwa kumeza, akabadilika sauti au akamkimbilia kila mtu, taarifa hiyo inaweza kuokoa maisha ya aliyeng'atwa.

Chakula

Ugali na dagaa waliochemshwa, wali na mabaki ya samaki bila miiba, mapupu na utumbo kutoka buchani: vyote vinafaa, mradi nyama ichemke kweli kweli, nusu saa. Mapupu na maini mabichi kutoka machinjioni yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo tegu. Mbwa akiyala huanza kutoa mayai, na mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu unaohitaji hata upasuaji. Wafugaji wa Turkana na wa maeneo mengine ya ufugaji Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huo vizuri.

Maziwa ya ng'ombe mengi humharisha. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, wala panadol akipata homa. Hadi miezi mitatu ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na maji safi yawepo muda wote.

Usiku wa kwanza na watoto

Atalia. Ametoka kwenye lundo la ndugu akaingia kwenye upweke. Mwekeeni gunia kavu kwenye kibanda au kona isiyo na upepo, pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake mlichokiomba alikotoka. Asilale kitanda kimoja na watoto, hasa kabla ya kutibiwa viroboto. Mtoto akimeza kiroboto bila kujua anaweza kupata minyoo inayotoka vipande vipande mithili ya punje za mchele.

Watoto wafundishwe mambo machache tu: mbwa anayekula au aliyelala haguswi, hakumbatiwi shingoni, hapewi mdomo alambe, na mikono inanawiwa kwa sabuni kila baada ya kumchezea. Mwenye chini ya miaka mitano asiachwe naye peke yao. Mkwaruzo na mng'ato vielezwe kwa wakubwa, na mtoto anayeeleza asichapwe kwa kuchokoza. Anayeogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa halioshwi.

Msimfunge mnyororo mfupi tangu udogoni ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hushindwa kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mwacheni azoee wageni mchana na kufunguliwa uani usiku.

Akifikisha miezi sita

Jike huweza kushika mimba kuanzia umri huo, wakati watoto nyumbani bado wanamwita mdogo. Zungumzeni na daktari wa mifugo kuhusu kufunga uzazi, au kuhasi kama ni dume, kabla ya joto la kwanza. Mkichelewa mtajikuta na watoto wa mbwa sita au wanane, kila mmoja na minyoo yake, na ninyi sasa ndio mtakaoulizwa na majirani kama mama yao amechanjwa. Kadi yake iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.