Kuitoa Biashara Kichwani mwa Mwenyewe: Ninavyofanya Kazi ya Usaidizi wa Mtandaoni

Mfanyabiashara mdogo akinitafuta, ombi lake la kwanza karibu kila mara ni lile lile: anataka mtu wa kumpostia Instagram. Nikimwomba tuangalie simu yake pamoja, nakuta meseji za WhatsApp ambazo hazijafunguliwa, nyingine za juzi. Humo kuna wanaouliza bei, wanaouliza kama mzigo umefika, na wengine wameshalipa na wanasubiri kuambiwa bidhaa itatoka lini. Kumtafutia wateja wapya mtu ambaye hajawajibu alio nao ni kumwongezea lawama. Ndiyo maana mimi naanzia kwenye simu, na ninamshauri kila anayetaka kuingia kwenye kazi hii aanzie hapo.

Nafanyia kazi nyumbani, Dar es Salaam. Kati ya niliowahudumia yuko mama anayeuza vitenge Kariakoo, yuko mwokaji wa keki Tabata, na yuko mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, Unguja. Tulipoanza, hakuna kati yao aliyeweza kuajiri karani wa kutwa nzima, na wala hawakumhitaji. Walichohitaji ni saa chache kila siku za mtu makini.

Ninachokiamini kuhusu kazi hii ni kwamba biashara ndogo inaishi kichwani mwa mwenyewe. Yeye ndiye anayejua nani anadaiwa, kitenge kipi kimebaki gora moja stoo, mteja wa Mbeya hutumiwa mzigo kwa basi gani, nani apunguziwe na nani asipunguziwe. Akiumwa, au akienda msibani kijijini, duka linaweza kuwa wazi lakini biashara imesimama. Kazi ya msaidizi ni kuyatoa yote hayo kichwani na kuyaweka mahali ambapo ninyi wawili mnaweza kuyaona. Kujibu, kuposti na kupanga ratiba vinakuja baadaye, na vinakuwa vyepesi.

Kwa hiyo siku za mwanzo simjibu mteja hata mmoja. Nasoma mazungumzo ya nyuma kwa idhini ya mwenye biashara, na ninamwomba kila jioni anitumie sauti ya WhatsApp. Fomu ya maswali usimpe, hataijaza. Hana muda wa kukaa na kuandika. Lakini akiwa anafunga duka au yuko kwenye daladala ataongea dakika tano bila kuchoka, na katika hizo dakika tano utapata kanuni ambazo hazijaandikwa popote. Mama wa vitenge ndivyo alivyonieleza kuhusu swali la "bei ya mwisho?" Anayechukua kipande kimoja hapunguziwi, hata akibembeleza. Anayechukua kuanzia vitano anapunguziwa kabla hajaomba. "Mwanangu, huyo wa vitano anakwenda kuuza," aliniambia. "Ukimbana wewe, kesho ananunua duka la jirani." Nikaliandika vile vile alivyolisema, maana hiyo ndiyo sera ya bei ya duka lake.

Maandishi hayo nayaweka kwenye faili moja la Google Docs ambalo yeye pia analiona. Yana bei, masharti ya kubadilisha bidhaa, gharama ya kutuma, majina ya mabasi na bodaboda anaowaamini, na maneno ambayo yeye hupenda kuyatumia kwa wateja. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mama huyu huwaita wateja wake "mpendwa". Mwokaji wa Tabata, ambaye ni kijana, huwaita "dada" na "kaka", na mtu mzima humwamkia shikamoo kabla ya jambo lolote. Mimi nikijibu kwa niaba yao nafuata sauti zao. Mteja wa miaka mingi akisoma jibu la kibaridi atajua si mwenyewe, na ataanza kujiuliza pesa yake anamtumia nani.

Baada ya hapo ndipo tunahamia WhatsApp Business, kama bado hayupo huko. Programu hii ni ya bure na watu wengi wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida tu, wakaacha vitu vyake bora bila kuvigusa. Naanza na lebo. Kila mazungumzo yanabandikwa hali yake: oda mpya, anasubiri kulipa, amelipa, imetumwa. Asubuhi nikifungua, sihitaji kukumbuka chochote. Nafungua lebo ya "amelipa" na kuona nani hajatumiwa mzigo wake. Halafu natengeneza majibu ya haraka: ukiandika mkwaju na neno fupi, jibu zima linajitokeza. Yale maelezo ya namna ya kulipa na namna ya kupokea mzigo stendi ya Mbezi, ambayo mama alikuwa akiyaandika upya kila siku, sasa yanakuja kwa neno moja.

Kisha katalogi, yaani picha, maelezo na bei. Hapa huwa nabishana kidogo na wateja wangu, kwa sababu wengi wamezoea kuandika "bei inbox". Wanaogopa washindani wataona bei. Washindani wa Kariakoo wanazijua bei za wenzao kabla hata hujafungua duka. Anayefichwa ni mnunuzi, na mnunuzi mwenye haraka hasubiri kujibiwa. Nawaomba wajaribu kuweka bei kwenye bidhaa chache tu kwanza. Wakishaona mtu anakuja moja kwa moja na kusema "nataka hii, nalipaje?", hawarudi nyuma.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba orodha ya matangazo ya WhatsApp inawafikia tu wale waliohifadhi namba yako. Unaweza kutuma tangazo la mzigo mpya kwa watu 200, likafika kwa wachache. Kwa hiyo kwenye jibu la kuthibitisha malipo naongeza sentensi moja ya kumwomba mteja ahifadhi namba ya duka kwa jina la duka. Ni sentensi ndogo, na inafanya kazi kila siku ya mwaka.

Sasa nizungumzie pesa, maana hapo ndipo uaminifu hujengwa au hubomoka. Namba ya siri ya M-Pesa au ya mtandao wowote usiipokee, hata ukipewa kwa moyo mweupe. Laini ya biashara isajiliwe kwa alama za vidole za mwenye biashara, isiwe kwa kitambulisho chako cha NIDA, hata kama yeye anaona ni rahisi wewe ukishughulikia. Siku mkiachana, namba ambayo wateja wote wanaijua lazima ibaki kwake. Mimi naunganisha kompyuta yangu na WhatsApp ya biashara kama kifaa cha ziada, na simu yenye laini inabaki mkononi mwake. Anaweza kuniondoa wakati wowote kwa kugusa skrini. Kwenye Instagram na Facebook naomba aniongeze kama msimamizi kwa akaunti yangu mwenyewe. Nywila yake siihitaji.

Malipo yakiingia, yanaingia kwenye Lipa Namba yake na yeye ndiye anayeona. Mteja akinitumia picha ya skrini inayoonyesha kwamba amelipa, namshukuru, namwambia nathibitisha, na siandiki "amelipa" mpaka mwenye duka aseme pesa imeonekana. Meseji za malipo ya kughushi zipo nyingi, na picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika moja. Mwenye haraka atakasirika kidogo. Mwache akasirike kwa heshima, usitoe mzigo.

Nieleze kwa urefu kazi moja, kwa sababu ndiyo iliyomfanya mama wa vitenge aache kuniita "yule binti wa Instagram". Ni sare za sherehe. Kamati ya sendoff huchagua kitenge kimoja, na wanawake 40 wanatakiwa wavae hicho hicho. Mwenyekiti anatuma picha kwenye kundi lao, kisha kila mmoja analipa kwa wakati wake. Jina linalotokea kwenye muamala mara nyingi ni la mume, la mdogo wake, au la mtu aliyeombwa amtumie. Wengine wanalipa nusu. Mmoja anataka yadi 4, mwenzake anataka 6 kwa sababu fundi wake amemwambia gauni lina mikunjo. Mama alikuwa anayashika haya yote kwenye daftari na kichwani, na kila sherehe iliisha na mtu mmoja anayesema amelipa na hakuna anayemkumbuka.

Nilimtengenezea jedwali kwenye Google Sheets. Safu ya kwanza ni jina kama linavyosomeka kwenye kundi la sare. Zinafuata namba ya simu, yadi, kiasi alicholipa, namba ya muamala, jina lililotokea kwenye muamala, na kama amechukua au bado. Safu ile ya jina la muamala ndiyo roho ya jedwali zima. Kila jioni mama ananisogezea meseji za malipo za siku hiyo, mimi naoanisha, na zile zisizo na mwenyewe namuuliza mwenyekiti wa kamati. Yeye huwafahamu wote hadi waume zao.

Lakini kabla ya shilingi ya kwanza kupokewa, kuna hesabu ya stoo. Wanawake 40 kwa yadi 4 ni yadi 160 kwa uchache, na wapo watakaotaka 6. Chapa ya kitenge ikiisha, mzigo unaofuata unaweza kuja na rangi iliyokolea zaidi au usije kabisa, na sare zenye rangi mbili tofauti ni ugomvi wa ukumbini. Kwa hiyo namuuliza mama ana yadi ngapi za chapa hiyo, natenga akiba kwa wanaochelewa, namwandikia mwenyekiti tarehe ya kufunga oda, na ninaikumbusha tarehe hiyo kwenye kundi bila kuchoka. Si kazi ya kompyuta nyingi. Ni kazi ya kufuatilia, na mwenye duka aliyesimama kaunta tangu asubuhi hana nguvu iliyobaki ya kufuatilia.

Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Jambiani mambo ni mengine. Wageni wake wanatoka Ulaya na Marekani, na hatari kubwa iko kwenye saa na tarehe. Akiniambia gari la kumpokea mgeni ni saa tisa alasiri, namwandikia mgeni 15:00. Mwezi nauandika kwa jina, kwa sababu 5/6 kwa Mmarekani ni tarehe 6 Mei.

Kuhusu malipo yangu, nimejaribu kutoza kwa saa na haikufaa. Mfanyabiashara mdogo akijua saa inahesabiwa, anaogopa kukuuliza, na msaidizi asiyeulizwa hana faida. Natoza kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi, kwa kazi zilizoorodheshwa. Lakini wewe mwenyewe lazima ujue saa yako ni bei gani. Tuseme unahitaji shilingi 800,000 za kuishi, na bando pamoja na umeme ni 120,000. Hiyo ni 920,000. Ukiwa na saa 80 kwa mwezi ambazo kweli unaweza kuziuza (kutafuta wateja na kujifunza havilipwi), kila saa ni shilingi 11,500. Mteja anayehitaji saa 20 kwa mwezi ni 230,000. Akisema ni nyingi, usipunguze bei, punguza kazi. Mwambie kwa kiasi alicho nacho utashika WhatsApp tu na mambo ya Instagram yabaki kwake. Wengi hukubali, na baada ya miezi michache huongeza wenyewe.

Muda wa kazi uandikwe pia. Mimi hujibu wateja kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na baada ya hapo ujumbe wa kutokuwepo hujibu wenyewe na kutaja saa tutakayorudi. Msimu wa Idi na Desemba tunakubaliana upya, kwa malipo mapya.

Kuna upande wa sheria ambao wasaidizi wengi wanaupuuza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwao ya mwaka 2019. Majina na namba za wateja unazozishika ni taarifa binafsi, na ulipewa kwa kazi moja. Kuchukua orodha ya wateja wa keki na kuitumia kumtangazia muuza mapambo ni kosa, hata kama wote wawili ni wateja wako na wote wangefurahi. Mkataba wangu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, na una kifungu cha hilo pamoja na kifungu kinachosema siku ya mwisho nafuta nakala zangu zote.

Siku ya mwisho huja, na ikija kwa sababu biashara imekua naipokea kwa furaha. Mwokaji wa Tabata amemwajiri binti wa kukaa kaunta na kushika simu. Nilimkabidhi faili letu, jedwali la oda na majibu ya haraka, tukafanya kazi pamoja wiki moja, kisha nikaondoa kompyuta yangu kwenye WhatsApp yao. Siku chache baadaye binti alinipigia na swali moja tu: mteja anataka keki isiyo na mayai, je, wanatengeneza? Wanatengeneza, kwa oda ya siku mbili kabla. Hilo lilikuwa bado liko kichwani mwa mwokaji. Binti ameliandika kwenye faili.