Kumtetea Mjenzi: Somo la Mikataba, Haki na Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike somo kuhusu kazi yangu. Mimi ni wakili hapa Kampala. Baada ya miaka minne ya shahada ya sheria na mwaka wa mafunzo ya vitendo katika Law Development Centre, nilianza kupokea kesi za wajenzi, na kwa miaka zaidi ya kumi na tano sasa wateja wangu wengi wamekuwa wakandarasi wadogo na wa kati, pamoja na mafundi wanaojenga nyumba, shule na misikiti.

Kila ninapoalikwa kwenye semina za wanafunzi naulizwa maswali mawili. La kwanza: je, uwakili una riziki ya halali? La pili: je, Mwislamu anaruhusiwa kumtetea mjenzi anayeshtakiwa kwa kujenga vibaya? Nitayajibu kwa kueleza kazi yenyewe. Somo hili si la wanafunzi wa sheria peke yao. Linamhusu pia mwanafunzi wa uhandisi, wa ukadiriaji majenzi, na kila mmoja wenu ambaye siku moja, inshaallah, atajenga nyumba.

1. Ugomvi wa ujenzi huanzia wapi

Kesi karibu zote nilizozishika zimetokana na mambo manne: malipo yaliyocheleweshwa, kazi ya ziada, kuchelewa kumaliza, na kasoro za jengo.

Kazi ya ziada ndiyo inayoharibu urafiki haraka zaidi. Mwenye nyumba anapita saiti jioni, anamwambia fundi, "Hapa ongeza choo, na ukuta huu usogeze kidogo." Fundi anasema, "Sawa Hajji." Hakuna aliyetaja bei. Miezi mitatu baadaye fundi anadai, na mwenye nyumba anaapa kwamba alidhani kile choo kimo katika bei ya mwanzo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na bado mmoja ataumia.

2. Andikeni

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inawaelekeza waumini kuandika deni la muda maalumu. Inamtaka mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye atoe imla, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Kisha inaeleza sababu: kufanya hivyo ni uadilifu zaidi, kunathibitisha ushahidi, na kunaondoa shaka.

Sheria ya nchi inaelekea huko huko. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi vipimo 25 vya sarafu uwe wa maandishi. Kipimo kimoja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Leo ni vigumu kupata kazi ya ujenzi iliyo chini ya hapo. Hata kujenga karo ya maji machafu kunavuka.

Pamoja na hayo, ndugu zetu wengi huona haya kumwandikisha Mwislamu mwenzao. Husema, "Tunaaminiana." Tukumbuke kwamba aya hii iliteremka Madina, kwa Masahaba, watu walioaminiana kuliko sisi. Kuandika hakumvunjii ndugu yako heshima. Kunamlinda yeye na warithi wake siku ambayo mmoja wenu hayupo tena kueleza mlichokubaliana.

3. Fiqhi inauitaje mkataba wa ujenzi

Mkataba wa kutengenezewa kitu ambacho bado hakipo, mtengenezaji akitoa vifaa na kazi, unaitwa istisnaa. Wanavyuoni wa Hanafi waliukubali kwa msingi wa istihsani, kwa kuwa watu wote walikuwa wakiufanya na wanauhitaji. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, yaliuona kama aina ya salam, na salam inataka bei yote ilipwe pale pale mnapofunga mkataba. Katika ujenzi wa leo hilo ni zito mno, kwa sababu hakuna anayelipa nyumba nzima kabla ya msingi kuchimbwa.

Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Jeddah, lilipitisha azimio kwamba istisnaa ni mkataba unaowafunga pande zote mbili, ikiwa aina ya kitu, kiasi na sifa zake zimeelezwa na muda umetajwa. Liliruhusu bei ilipwe kwa awamu. Liliruhusu pia sharti la fidia ya kuchelewa, ila pale mjenzi anapozuiliwa na jambo lililo nje ya uwezo wake.

Kama mwenye nyumba ananunua vifaa mwenyewe na fundi analeta mikono yake tu, huo si istisnaa. Huo ni ijara, mkataba wa kukodi kazi. Tofauti hii ina matokeo mahakamani pia. Saruji iliyoganda ghalani haiwezi kuwa kosa la fundi ambaye hakuinunua wala hakuitunza. Mara nyingi utetezi wangu wa kwanza huwa ni kuuliza nani alileta vifaa.

4. Mjenzi akikosea, apoteze kiasi gani?

Hapa mahakama zetu hurejea kesi za Uingereza ambazo kila mwanafunzi wa sheria katika Afrika Mashariki huzisoma. Nitataja nne.

Katika *Sumpter v Hedges* ya 1898, mjenzi aliahidi kujenga nyumba mbili kwa pauni 565. Alifanya kazi yenye thamani ya pauni 333, akaishiwa fedha, akaiacha. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe. Mahakama ilisema mjenzi hawezi kudai chochote kwa kazi iliyosimama pale, ila kwa vifaa alivyoviacha na mwenye kiwanja akavitumia.

Katika *Hoenig v Isaacs* ya 1952, kazi ya kupamba na kuweka samani kwenye nyumba ilikuwa ya pauni 750. Ilimalizika ikiwa na kasoro za kurekebishwa kwa takriban pauni 55. Mwenye nyumba alitaka asilipe salio. Mahakama ilisema kazi imetimizwa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo alipe na akate gharama ya kasoro tu.

Katika *Bolton v Mahadeva* ya 1972, mtambo wa kupasha nyumba joto ulikuwa wa pauni 560, na kuurekebisha kungegharimu pauni 174. Haukufanya kazi uliyokusudiwa. Fundi alinyimwa bei yote ya mtambo ule.

Ya nne ni *Ruxley v Forsyth* ya 1995. Bwawa la kuogelea lilitakiwa liwe na kina cha futi 7 na inchi 6, likatoka futi 6 na inchi 9. Kulijenga upya kungegharimu pauni 21,560. Bwawa lilikuwa salama na linatumika, hivyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa gharama hiyo na kukubali fidia ya pauni 2,500 kwa raha aliyoikosa mwenye nyumba.

Ukizisoma pamoja utaona mizani. Kasoro ndogo haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kula jasho la mjenzi. Kasoro inayoharibu kusudi la kazi haimpi mjenzi ruhusa ya kudai kana kwamba amemaliza. Hii haiko mbali na kanuni ya fiqhi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sehemu kubwa ya maisha yangu mahakamani imepita nikibishana kasoro fulani iko upande gani wa mizani hiyo.

5. Siku 28

Miradi mikubwa ya barabara na majengo hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika Kitabu Chekundu cha 1999, mkandarasi anayetaka muda au fedha za ziada lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua jambo lililomchelewesha. Asipotoa, haki yake inapotea, hata kama mvua kweli ilinyesha na michoro kweli ilichelewa.

Nimewaona wakandarasi waaminifu wakipoteza madai halali kwa sababu hawakuandika barua ya ukurasa mmoja. Mhandisi mwanafunzi, jifunze kutunza daftari la saiti kila siku: hali ya hewa, idadi ya vibarua, vifaa vilivyopokelewa, maagizo uliyopewa na nani aliyeyatoa. Daftari hilo ni shahidi asiyesahau.

6. Mpaka wa utetezi

Sasa swali la pili. Uwakili wa kesi unajulikana katika fiqhi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alimweka ndugu yake Aqil kuwa wakili wake katika mashauri yake, kisha Abdullah bin Jaafar. Kumsemea mtu mbele ya hakimu, basi, si haramu kwa asili yake.

Lakini kuna mpaka. Suratun Nisaa, aya ya 105, inamkataza Mtume (s.a.w.) kuwa mtetezi wa wahaini. Wafasiri wanaeleza kwamba iliteremka kuhusu deraya iliyoibwa Madina. Jamaa wa mwizi walimtetea kwa maneno mazuri, na mzigo ukataka kutupiwa Yahudi asiye na hatia. Qur'ani ikamtetea Yahudi yule dhidi ya waliojiita Waislamu. Na katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na anayepewa haki ya mwenzake kwa ufasaha wa hoja amepewa kipande cha moto.

Hadithi hiyo imekuwa mbele yangu mara nyingi, na mara moja zaidi ya nyingine zote. Mkandarasi mmoja alinijia akishtakiwa na mwenye jengo la ghorofa nne. Alikuwa na vyeti viwili vya maabara vya nguvu ya zege. Zege la daraja la 25 linatakiwa kufikia nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba baada ya siku 28. Cheti kimoja kilionyesha limefika. Cha pili, cha nguzo za chini, kilionyesha halikukaribia. Alitaka nitumie cha kwanza, na yeye aape kwamba cha pili hakipo.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kanuni za uwakili zinanikataza kupeleka kiapo ninachojua ni cha uongo. Pili, nguzo hazisikilizi hoja. Watu watalala juu yake. Nikamwambia naweza kumtetea kwa nguvu zangu zote kuhusu nani alipe kiasi gani, kwa sababu mwenye jengo naye alikuwa amebadili mchanganyiko ili kuokoa fedha. Lakini cheti kitawekwa mezani na nguzo zitaimarishwa kwanza. Alikasirika, akaondoka na faili lake. Baada ya wiki mbili alirudi. Tulikaa na upande wa pili, mhandisi wa kujitegemea akapima nguzo zote, gharama ikagawanywa, na jengo likazungushiwa zege jipya kabla ya mtu kuhamia. Mteja wangu alipata hasara. Mpaka leo ananiletea kazi zake.

Basi jibu langu ni hili: mtetee mtuhumiwa, kwa sababu ana haki ya kusikilizwa na adhabu yake isizidi kosa lake. Uongo wake usiutetee.

7. Ujira wa kibarua na suala la riba

Nyuma ya kila mkandarasi asiyelipwa kuna waashi, wachanganya zege na mama anayewapikia. Mtume (s.a.w.) alihimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari, mwenye kumfanyisha kazi mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira ni miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Kwa hiyo nikimdai mwenye jengo kwa niaba ya mkandarasi, humuuliza mteja wangu: "Vibarua wako umewalipa?" Wengine hawalipendi swali hilo.

Kuhusu kuchelewa, tofautisheni mambo mawili. Fidia iliyokubaliwa kwa mjenzi aliyechelewesha kazi inaruhusiwa, kama tulivyoona. Lakini Baraza la Fiqhi lilifafanua mwaka 2000 kwamba sharti la fidia halifai pale wajibu wenyewe ni deni la fedha, kwa kuwa hapo ni riba. Mikataba mingi ina kifungu cha riba kwa malipo yaliyochelewa. Wakati wa kuandika mkataba nawashauri wateja Waislamu waweke badala yake dhamana, malipo ya awamu fupi, na haki ya kusimamisha kazi wasipolipwa. Tajiri anayechelewesha deni ni dhalimu, hadithi imesema, na dhuluma yake inaweza kuzuiwa bila sisi kuingia katika riba.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Ikiwa fundi na mwenye nyumba wote ni wakweli lakini hawakuandika, nani abebe hasara ya kazi ya ziada?
2. Je, mwanafunzi wa uhandisi aliye kwenye mafunzo kazini afanye nini akiona nondo zilizowekwa ni nyembamba kuliko zilizochorwa?
3. Taja mfano wa istisnaa na mfano wa ijara kutoka mtaani kwenu.
4. Wakili akijua mteja wake anasema uongo, njia zake halali ni zipi?

Namwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi, atulinde na kula haki za watu, na aibariki elimu mnayoitafuta.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.